Fukusi Aliyebeba Bustani

Mlango wa pili ulipokataa kufunguka, Subilaga alidhani ni ukaidi wake wa siku za mvua. Alifuta kiganja kwenye sketi, akakiweka tena juu ya kioo, akangoja. Nyuma yake mlango wa kwanza, ule wa upande wa mlima, ulikuwa umekwisha kujifunga kwa mvumo wake wa taratibu. Shemeji yake Lugano, mume wa mdogo wake, alikuwa anakung'uta koti la mvua huku akilaumu njia, buti, na mtu wa kwanza aliyefikiri kwamba milima ni ya kupandwa.

"Kuna kitu," Subilaga alisema.

"Kuna njaa, shemeji. Mdogo wako amepika mbalaga leo. Ndizi zile nimeanza kuzinusa tangu kule kwenye mianzi."

Mwanga wa kuta ukabadilika kutoka mweupe kuwa wa manjano, na Lango, mtambo wenyewe wa kituo kile cha ukaguzi, likasema. Lilikuwa na sauti ya mama wa makamo, isiyo na haraka, kama ya mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo redioni.

"Kiumbe kisicho na jina kimo chumbani. Umbo lake ni la fukusi. Milango yote miwili itabaki imefungwa."

Lugano aliacha kukung'uta. Walitazamana. Kisha akalishika koti kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekabidhiwa nepi ya mtoto wa jirani, akaipindua kofia ya koti hilo. Kitu kikaanguka sakafuni kwa mlio wa kifungo kizito, kikabingirika, kikalala chali karibu na mguu wa meza.

"Huyo amepanda bila nauli," Lugano alisema, lakini hakucheka.

Chumba cha kati kilikuwa na ukubwa wa jiko la nyumbani. Palikuwa na benchi, meza yenye lenzi, feni ya kuzungusha hewa juu ya ukuta, na kwenye pembe mgomba mchanga uliopandwa katika ndoo. Mgomba ule waliuita shahidi, maana ndio ulioonyesha kama mdudu anakula mgomba. Kila lango la kila mlima wenye msitu lilikuwa na shahidi wake. Nyuma ya mgomba palikuwa na mlango mdogo wa chumba cha dhamana, chenye kitanda ambacho hakuna mtu aliyewahi kukilalia. Lugano alikuwa anahifadhi humo fagio na makopo ya rangi.

Subilaga alipiga magoti. Mdudu alikuwa mkubwa kama kidole gumba cha mwanamume. Miguu yote sita ilikuwa imekunjwa kifuani, vipapasio vimefichwa kando ya pua, na hakukuwa na dalili ya uhai hata ya kubahatisha.

"Amekufa?" Lugano aliuliza kwa sauti ya chini.

"Omba asiwe amekufa."

Hakuhitaji kumweleza. Lugano alikuwa mtoto wakati migomba ilipokwisha, lakini alikuwa mtoto mwenye akili. Fukusi wa chuma aliingia na miche iliyotoka mbali, na watu wa kwanza kumwona walimkanyaga wakaendelea na shughuli zao. Hakuna aliyesema. Wadudu ni wadudu. Kufikia masika yaliyofuata, mashamba yaliyozunguka kila nyumba kuanzia Tukuyu hadi ziwani yalikuwa yamelala chini kama watu walioanguka kwenye maandamano, na mashina yake ukiyabonyeza yanatoa unga. Ilichukua miaka mingi kupata mgomba uliokubali kusimama tena. Ndipo malango yakajengwa, na ndipo sheria ikaandikwa kwa hasira ya watu waliokula ugali mtupu kwa muda mrefu: fukusi asiye na jina akifa ndani ya lango, atahesabiwa kuwa adui. Na adui akipatikana mlimani, mlima mzima unamwagiwa ukungu wa dawa.

"Kiumbe hakitikisiki," Lango lilisema. "Hesabu ya kifo imeanza."

Chini kabisa ya ukuta, karibu na sakafu, utepe mwembamba wa mwanga mwekundu ukatokea. Ulianza kutambaa kuelekea kulia, bila pupa. Ungezunguka chumba chote. Ukifika ulipoanzia, mdudu angekuwa mfu kisheria, milango ingefunguka, nao wangekwenda nyumbani kula. Na huku nyuma, mabomba yaliyofukiwa chini ya njia zote za mlima huu wa Itongwe yangeanza kupumua.

*

Alimwokota kwa kijiko cha mbao akamweka chini ya lenzi. Subilaga, mtambuzi wa wadudu wa Itongwe, hakuwa mtu wa kusema mapema. Mkuu wake wa zamani aliwahi kulalamika kwamba ukimuuliza kama kunanyesha, anatoka nje kwanza. Alimgeuza mdudu upande huu, akamgeuza upande ule, akaanza kusema alichokiona, kwa sababu Lango husikiliza, na kwa sababu kusema kulimtuliza.

"Pua fupi, nene. Ina mifereji mitatu kwa urefu."

"Fukusi wa chuma naye ana mifereji mitatu," Lugano alisema.

"Anayo. Lakini yule ana mabawa. Huyu magamba yake ya mgongoni yameungana, hayafunguki. Haruki huyu. Hajawahi kuruka, wala baba yake." Akasogeza lenzi. "Kucha zimelika. Ni mzee. Na mgongoni..."

Alibaki ameinamia lenzi mpaka Lugano akaja kuchungulia.

Mgongo wa fukusi ulikuwa na mashimo madogo yaliyopangwa kama mabwawa ya mpunga, na katika mashimo yale mlikuwa mmeota ukoga, ule wa kijani unaoshika mawe yenye unyevu. Haukuwa uchafu ulioganda. Ulikuwa na vikonyo. Ulikuwa na vishina vyekundu vyembamba kuliko unywele, kila kimoja na kichwa chake. Kati ya vishina vile kiumbe kingine, kidogo kiasi cha kutilia shaka macho, kilikuwa kinatembea kikienda zake.

"Amebeba shamba," Lugano alisema.

"Bustani. Na bustani kama hii haioti kwa mwaka mmoja. Huyu ametembea Itongwe tangu kabla hujamwoa Tupokigwe."

"Basi imekwisha. Ni mwenyeji. Liambie Lango."

"Lango halikuulizi mtu anatoka wapi. Linauliza anakula nini. Fukusi wa chuma naye alikuwa mwenyeji wa mlima wake huko kwao, mpaka siku alipoonja mgomba."

Lugano akakohoa. Alikohoa mara moja, kisha akaketi kwenye benchi, akatoa mfukoni pampu yake ya pumu, akaitikisa karibu na sikio. Subilaga alimtazama usoni wakati anaitikisa, akajua jibu kabla hajalisema.

"Ipo kidogo," Lugano alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kufika nyumbani."

Subilaga alijaribu kuita kituo cha bondeni kwa redio. Alijibiwa na kijana mwenye adabu, akamwambia kile alichokwisha kujua: milango ya Lango haifunguliwi na mtu. Zamani palikuwa na ufunguo wa dharura. Aliyeutumia kwanza alikuwa mheshimiwa mmoja aliyekuwa anawahi harusi, na buti zake zikatoka na mayai ya wadudu kwenye matope. Ufunguo uliondolewa. Kijana aliahidi kupeleka gari la wagonjwa lingoje nje ya mlango wa pili, na akaongeza, kana kwamba inafariji, kwamba kwa hesabu yake utepe mwekundu haukuwa na safari ndefu.

*

Utepe ulikuwa umepita chini ya benchi.

"Nisikilize, shemeji," Lugano alisema. Alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti, namna wenye pumu wanavyokaa wakati hawataki kuambiwa kwamba wana pumu. "Sheria ina kifungu cha jina la kale. Watu wazima wawili waliozaliwa chini ya milima hii wakiapa kwamba wazee wao walimjua mdudu na walikuwa na jina lake, Lango linamwandika kuwa mwenyeji asiye na madhara. Sisi ni wawili. Watu wazima, ingawa wewe mdogo wako anasema una akili ya bibi kizee."

"Na jina lake nani?"

"Bibi yangu alikuwa anamwita Ndindilili."

"Bibi yako alikuwa anakimbia kumbikumbi."

"Alikuwa anakimbia huku anawataja majina." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa. Kilipoachia alikuwa na machozi. "Ndindilili. Jina zuri. Hata mwenyewe angelikubali."

Subilaga alikuwa anautazama mgomba wa shahidi. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, yale yanayopasuka kwa upepo lakini humu ndani hayakuwa na upepo wa kuyapasua isipokuwa ule mdogo wa feni. Aliwaza juu ya Tupokigwe anayemenya ndizi kwa vidole vyeusi kwa utomvu, akizirusha sufuriani bila kuzitazama, kama mtu asiyejua kwamba ziliwahi kutokuwepo.

"Kama anakula mgomba?" aliuliza.

"Hali."

"Unajua?"

"Najua kama unavyojua wewe."

"Mimi sijui, Lugano."

"Basi tunyamaze. Tukinyamaza tu, utepe utamaliza mzunguko, mimi nitatoka nipumue, na Itongwe itamwagiwa." Alisema hivyo kwa upole, bila kumtega. "Unajua mimi ni mtu wa Nsongola. Ulikuja kwenye mahari, uliona. Baba alikuwa na mizinga ya nyuki mpaka kule kwenye mteremko. Walipomwaga ukungu tulikaa ndani siku ile, tukatoka kesho yake, na mlima ulikuwa pale pale. Miti ipo, maji yapo. Ila ukisimama, masikio yanakuuma. Hakuna kinacholia. Mpaka leo watoto wa kaka yangu wanachavusha maboga kwa manyoya ya kuku, ua kwa ua, asubuhi kabla ya shule." Akapumua. Kifua chake kilitoa mlio wa filimbi ya mbali. "Sitaki kuponea kwa hilo. Lakini uongo wa Ndindilili, ule ningeubeba."

"Ungeubeba mpaka siku shamba la Tupo likianguka."

Wote wawili, kwa wakati mmoja, walitupa jicho kwenye mlango mdogo wa chumba cha dhamana. Wote wawili wakaliondoa.

"Hilo usiliwaze," Lugano alisema.

"Siliwazi. Huwezi kumdhamini maiti. Kwanza atikisike."

*

Alijaribu yote aliyojifunza. Alimpulizia pumzi ya joto. Alimgusa kwa unyoya. Alimwekea tone la maji puani, likakaa pale duara zima kama jicho la tatu. Fukusi alibaki mfu. Alikuwa mfu kwa ufundi mkubwa, hata kucha zake zililegea kama za mfu wa kweli. Subilaga akaanza kuhisi kwamba kila anachokifanya ni hoja nyingine inayomshawishi mdudu aendelee.

Akaweka kiganja juu ya meza, akakiacha hapo. Meza ilikuwa inatetemeka. Mtetemo ulikuwa mdogo, wa aina ambayo mtu huisahau baada ya dakika ya kwanza. Ulitoka ukutani, na ukutani ulitoka kwenye feni.

Kule juu, aliwaza, ni kitu gani kinatetemesha tawi bila kukoma? Upepo huja na kwenda. Matone huja na kwenda. Kinachotetemesha bila kukoma ni kitu kikubwa kilichokaa karibu, kinachopumua, kinachongoja. Mdudu hakuwa mkaidi. Tangu aanguke sakafuni alikuwa anaamini kwamba mla nyama amesimama juu yake na hajaondoka.

"Ni feni," alisema.

Lugano alielewa kabla hajamaliza. Milango ikiwa imefungwa, feni ndiyo iliyokuwa inapitisha hewa yao kwenye machujio. Akaitazama swichi, akamtazama shemeji yake, akautazama utepe, ambao sasa ulikuwa umepita mlango wa pili na kuanza ukuta wa mwisho.

"Siwezi kukuomba hilo," Subilaga alisema.

"Hujaniomba." Akaivuta pampu, akavuta pumzi moja, akaishika kifuani macho yamefumba. "Nikizidiwa nitapiga sakafu. Sitapiga kwa mchezo, kwa hiyo ukinisikia usiniulize kama nina uhakika. Nakujua."

"Nitawasha hapo hapo."

"Na ukiwasha, atakufa tena."

"Ndiyo."

"Basi nitajitahidi nisipige."

Subilaga alimweka fukusi sakafuni, kifudifudi, katikati ya chumba, shahidi upande mmoja, na upande mwingine kipande cha gome alichokitoa kwenye mfuko wa vielelezo. Akazima taa ya meza. Akazima feni. Kimya kilichoingia kilikuwa na uzito. Walilala chini kila mmoja upande wake, mashavu juu ya saruji baridi, kama watoto wanaocheza kujificha mahali pasipo na pa kujificha.

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati kwa mbali. Mwanga wa manjano ulikuwa hafifu. Subilaga alipunguza pumzi zake. Alihisi moyo wake ukigonga sakafu akaona aibu kwa kelele zake. Hewa ilianza kunukia koti lililolowa, kisha miili yao, kisha haikunukia kitu, ikawa nzito tu. Filimbi ya kifua cha Lugano ilipanda kidogo kidogo. Alikuwa anaificha. Alikuwa anapumua kwa mdomo wazi, kwa vipande, na kati ya kipande na kipande palikuwa na nafasi ambayo Subilaga aliijaza kwa kuhesabu makosa yake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka kuelekea swichi bila yeye kuuagiza.

Utepe mwekundu ulifika pembe ya mwisho.

Kipapasio kimoja kikafunguka.

Kilifunguka kwa polepole ya kutisha, kiwiko kwanza, kisha ncha yenye manyoya, kikauonja upepo usiokuwepo. Kikafuata cha pili. Mguu mmoja wa mbele ukasogea, ukashika saruji, ukaiachia, ukaishika tena. Halafu fukusi aliinuka na bustani yake yote, vishina vyekundu vikiyumba mgongoni, akaanza kutembea.

Utepe ukasimama.

"Kiumbe ki hai," Lango lilisema, kwa sauti ndogo, na mdudu hakujali sauti ile. Sauti inayobebwa na hewa haikumsumbua. Alichokiogopa ni ardhi kutetemeka.

Hakwenda kwenye gome. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye ndoo, akapanda plastiki, akapanda udongo, akalishika shina la mgomba. Fukusi alipanda hadi pale ganda la nje la shina lilipokuwa limekauka na kuanza kuoza, akainamisha pua. Katika kimya kile walisikia wote watatu, wao na Lango: krr, krr, krr.

"Sauti ya kutafuna imesikika," Lango lilisema. "Mtambuzi wa Itongwe athibitishe. Anakula mgomba: ndiyo, au hapana?"

Subilaga aliinua kichwa kidogo sana. Kutoka pale alipolala aliona pua ikienda na kurudi juu ya ganda. Na ganda lile, kwa unyevu wa chumba, lilikuwa limeshika ukoga wa kijani mwembamba, tabaka moja kama rangi ya maji. Pua ilikuwa ndani ya kijani. Inakwangua kijani tu? Au inapita kwenye kijani kufikia nyama ya mgomba chini yake? Akisogea kutazama, ardhi ingetetemeka.

"Mtambuzi athibitishe."

Ukisema ndiyo, milango inafunguka na mlima unakufa. Ukisema hapana, milango inafunguka na fukusi anaandikwa jina na kuachiwa, yeye na wenzake wote, waende popote miguu itakapowafikisha. Upande wa pili wa chumba kiganja cha Lugano kilikuwa kimenyanyuka kutoka sakafuni. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Hakupiga. Alikuwa anamtazama yeye, na macho yake yalikuwa yanasema hapana, sema hapana, si uongo, ni karibu na kweli.

"Sijui," Subilaga alisema.

"Jibu hilo halipo. Ndiyo, au hapana?"

"Sijui. Namdhamini."

Kiganja cha Lugano kikashuka kikapiga sakafu kwa kupinga, si kwa ajili ya pumzi. Fukusi akadondoka kutoka kwenye shina kama tunda, akafa tena.

*

Lango lilisimamisha hesabu ya kifo, likamsomea Subilaga masharti ya dhamana kwa adabu. Mdhamini atabaki ndani na kiumbe mpaka ajue kwa hakika na aweze kuapa. Chakula na maji vitapitishwa kwenye kidirisha. Kiumbe kikifa kabla ya kujulikana, kitahesabiwa kuwa adui. Mdhamini akitoka kabla ya kiumbe kujulikana, kitahesabiwa kuwa adui. Asiye mdhamini atatoka sasa, bila koti, bila buti, bila mzigo.

Feni ilikuwa inazunguka tena. Subilaga alikuwa amemsimamisha Lugano kwa kwapa, anamvua buti kwa mguu wake mwenyewe.

"Fukusi wazee kama huyu," Lugano alisema, kwa maneno yaliyokatikakatika, "wanaishi muda gani?"

"Sijui."

"Unayajua hayo maneno mawili tu leo." Alijaribu kutabasamu. "Tuseme Ndindilili. Bado hatujachelewa, shemeji."

"Ukitamka, nitakana. Tutahitilafiana mbele ya Lango na wewe huna pumzi ya kubishana." Akamwegemeza kwenye mlango wa pili. "Fagio zako nitazitumia. Makopo ya rangi nitayatupa."

"Nitamwambia nini Tupo?"

Subilaga alifikiri. Alipenda kufikiri hata pale.

"Mwambie nimepata mgeni," alisema, "na mgeni hajala bado."

Mlango ulifunguka. Kwa muda mfupi aliona mvua, mwanga wa gari la wagonjwa, mikono miwili ikimpokea Lugano, na tope, tope la kawaida la barabarani lililojaa nyayo za watu. Kisha mlango ukajifunga.

Aliliweka koti na buti za Lugano chini ya benchi. Halafu akasogea kwenye shina, sasa akiwa huru kulitazama kwa lenzi. Pale pua ilipopita palikuwa na njia nyembamba isiyo na ukoga. Ndani ya njia ile ganda lilikuwa jeupe na zima. Karibu zima. Palikuwa na mkwaruzo mmoja ulioingia chini kidogo kuliko mingine, na mkwaruzo ule ungeweza kuwa bahati mbaya ya kucha, na ungeweza kuwa mwanzo wa kila kitu. Aliutazama kwa muda mrefu. Mara moja haitoshi kujua. Ingebidi amwone akila tena, na tena, katika kiangazi na katika masika, akiwa na ukoga na akiwa hana, akiwa ameshiba na akiwa na njaa.

Akamweka katikati ya chumba. Akazima feni. Akalala chini.

Safari hii alikuwa mjuzi zaidi. Alilegeza vidole. Alilegeza taya. Aliacha macho yake wazi nusu, yakimtazama mdudu kwa usawa wa sakafu, na akaipunguza pumzi mpaka yeye mwenyewe hakuwa na uhakika nayo. Kulikuwa kunapambazuka, kwenye kioo kidogo cha mlango wa pili, kipapasio cha kwanza kilipofunguka.

Fukusi alitembea. Alipita gome, akarudi, akaligusa. Akaelekea kwa shahidi. Alipokuwa anapanda ndoo, kivuli kikaziba kioo, na sauti ikaingia kupitia kidirisha cha chakula.

"Dada." Alikuwa Tupokigwe. "Dada Subi. Lugano anapumua vizuri, wamemlaza zahanati, ananituma nikutukane. Nimekuletea mbalaga."

Fukusi alifika kwenye shina. Akaenda juu kidogo kuliko mahali pa jana, pale ganda lilipokuwa kavu, pasipo na ukoga wowote. Akainamisha kichwa.

"Dada?"

Subilaga hakutikisika. Mbele yake, vipapasio vilikuwa vinaligonga ganda lile tupu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua.

"Dada, mbona umelala hapo chini?" Sauti ya mdogo wake ilibadilika, ikawa nyembamba, ikawa ile ya utotoni. "Dada, uko hai?"

Neno moja lingetosha. Sauti haimsumbui, alikwisha kuliona hilo. Lakini neno lina kifua nyuma yake, na kifua chake kilikuwa juu ya saruji, na kifua kingesukuma sakafu. Macho yakamjaa maji, akayaacha yajae. Pua ya fukusi iligusa ganda, ikakaa.

Upande wa mlango, palipo na mkono wake wa kushoto, mbali na ndoo, Subilaga alianza kukikunjua kidole kimoja. Alikikunjua kwa namna aliyofundishwa na fukusi usiku ule, kiungo cha kwanza, kingoje, kiungo cha pili, kingoje, mpaka kikasimama wima juu ya sakafu.

Nyuma ya kioo alisikia mdogo wake akiivuta pumzi na kuiachia.

Fukusi alikuwa amesimama. Vipapasio vyake vilielekea kwenye kidole kile, vikabaki hivyo. Hakuna kati yao aliyesogea. Kisha fukusi akaigeuza bustani yake polepole juu ya shina, akaliacha ganda kavu, akaanza kushuka kuelekea palipo na kijani.